Benzi Mbili na Bibi Harusi Mmoja

Ukifika Nyololo ukamuulizia Aroni Kalinga utaulizwa ni Kalinga yupi, maana akina Kalinga pale wamejaa tele. Sema yule wa Mbele kwa Mbele. Hapo hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole kwenye nyumba yenye banda la mabanzi linalotazama barabara kuu. Ndani ya banda hilo kuna gari lililoegeshwa pua nje, mkia ndani, masika na kiangazi. Hakuna jirani aliyewahi kuliona limeegeshwa vinginevyo.

Hilo gari, jamani, lisikie tu. Ni Benzi ya wazi ya zamani, rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, na usukani mpana kama sinia la pilau. Paa lake ni turubai jeusi linalokunjwa kwa mikono na kufungwa kwa ndoano. Kazi hiyo inataka watu wawili wanaoelewana. Aroni na mkewe Lea wamekuwa wakiifanya tangu ujana wao huku wakigombana, kwa hiyo turubai halijawahi kukaa sawa hata siku moja. Gari lilikuwa la Mgiriki mmoja aliyelima tumbaku upande wa Iringa, na Aroni alikuwa dereva wake. Mgiriki alipozeeka akarudi kwao, wafanyakazi wengine wakaachiwa baiskeli na masufuria, yeye akaachiwa Benzi. Tangu siku hiyo Aroni hajawahi kutembea kwa miguu kama watu wengine. Anatembea kama mtu aliyeshuka kidogo tu kunyoosha viungo.

Kazi ya gari ni moja, kupeleka maharusi kanisani. Kuanzia Makambako hadi Mafinga, msichana akivishwa pete, mama yake humtafuta mchungaji au padri kwanza na Aroni pili, na wapo wanaoanzia kwa Aroni. Siku ya harusi huvaa koti la Mgiriki, ambalo mabega yake yanamzidi, na kofia ya kepu iliyopigwa pasi. Huendesha taratibu mno, mpaka wapiga tarumbeta waliotangulia kwenye pikapu huchoka mashavu kabla kanisa halijaonekana. Ukimwambia aongeze mwendo kidogo atakujibu kwamba bibi harusi siyo mzigo wa viazi.

Sasa, kuhusu ule mkia ndani. Benzi ya Aroni haina rivasi. Ilikuwa nayo, tena nzima kabisa. Lakini mwaka aliojenga banda, palikuwa na kisiki cha mti wa mlingoti uani. Mtu mwenye akili timamu angewaita vijana wenye mashoka. Aroni akafunga mnyororo kwenye gari, akatia rivasi, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kisiki kipo mpaka leo, Lea anaanikia vikombe juu yake. Kilichong'oka ni rivasi, na tangu hapo gari husukumwa na watu wa nyumbani kuingia bandani mkia kwanza, ili kesho litoke lenyewe. Mafundi wa Mafinga walifungua, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakafunga. Mmoja wao akajitolea kuingiza giaboksi ya Hiace, na Aroni hakumpa mkono fundi huyo kwa muda mrefu sana.

Dereva wa maharusi asiye na rivasi afanyeje? Aroni akatunga desturi. Siku moja walikuwa njiani na bibi harusi wa watu, kundi la ng'ombe likaziba njia, na mchungaji akamwomba arudi nyuma kidogo wapishe. Aroni akavua kofia. Akasema kwa sauti ya msiba kwamba gari lililobeba bibi harusi halirudi nyuma, kwamba wazee wa Kihehe walikataza kabisa, kwani binti akirudishwa nyuma siku ile atakuwa ameonyeshwa njia ya kurudi kwa baba yake. Wazee wa Kihehe anaowasema hawakuwa na magari, lakini pale hakuna aliyelikumbuka hilo. Kina mama wakaguna kwa heshima. Ng'ombe wakaswagwa pembeni. Baada ya miaka michache desturi ilikuwa imeenea wilaya nzima, na magari yenye rivasi nzima yakawa yanazunguka vijiji viwili ili yasirudi nyuma hatua kumi. Jina la Mbele kwa Mbele lilizaliwa hapo, la gari na la dereva wake, na mwenyewe alilipokea kama cheo.

Lakini kwa Aroni harusi zote hizo zilikuwa mazoezi. Ana binti, kitindamimba wake, Frida, ambaye sasa ni nesi Mbeya mjini. Tangu Frida akiwa na meno ya utoto, baba yake alikuwa amepanga siku atakayomketisha kwenye kile kiti chekundu na kumpeleka kanisani Igowole, alikobatiziwa, usukani ukiwa mkononi mwake mwenyewe. Wenzake walimkumbusha kwamba baba wa bibi harusi ndiye humshika binti mkono akamwingiza kanisani. Akawajibu kwamba hiyo ni kazi nyepesi, mdogo wake Benjamini ana suti nzuri na miguu mirefu, ataifanya. Yeye ataendesha. Jambo hilo alilitangaza hata kabla Frida hajapata mchumba, na Benjamini naye akaanza kuipeleka suti kwa dobi.

Mchumba akapatikana. Mika, kijana wa Kinyakyusa, mwalimu, mwenye adabu na kicheko cha karibu. Barua ya posa ikaja, mahari ikaenda vizuri, kamati ikaundwa, na Aroni akaanza kupaka viti mafuta ya kulainisha ngozi. Ndipo Frida alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi, akamkuta babaye bandani na kitambaa, akasimama karibu na kisiki.

"Baba, kina Mika wameshapata gari," akasema. "Kwa Sifaeli, pale Iyunga. Benzi ya wazi. Kama hili, ila jipya. Wewe siku hiyo upumzike."

Aroni aliendelea kusugua kiti kilekile mpaka binti yake akaingia ndani. Kuambiwa kwamba kuna Benzi nyingine angevumilia. Neno lililomchoma ni lile la kupumzika. Kupumzika wanaambiwa waliostaafu na waliolazwa. Akanuna. Alinuna wiki nzima, akila ugali wake wote lakini kwa uso wa mtu anayekula kwa kulazimishwa, mpaka Lea akamuuliza kama ameachwa na mchumba.

Alitafuta sababu. Labda Frida anaogopa baridi. Labda anaogopa kutu isichafue gauni. Labda, na hili ndilo lililomkosesha raha, anajua habari ya rivasi na anaona aibu mbele ya wakwe. Mtoto aliyekulia uani pale angekosaje kujua? Basi akaona hakuna njia nyingine ila kwenda kulitazama hilo jipya kwa macho yake. Akamwambia Lea anakwenda Mbeya kununua plagi. Lea akamwambia amsalimie Sifaeli.

Sifaeli ni mwanamume mpole wa makamo, mwenye uwanja wa magari ya kukodi kando ya barabara kuu pale Iyunga, Mbeya, na alimpokea mzee kwa shikamoo na kiti. Hakumjua. Aroni akasema ana binti anayeolewa, jambo ambalo halikuwa uongo, na angependa kuona gari. Sifaeli akafunua turubai la kuzuia vumbi. Benzi ilikuwa nyeusi, ya chini, imenyooka, na taa zake zilikuwa nyembamba kama macho ya mtu anayesikiliza umbea.

Mzee akaanza ukaguzi. Aliomba injini iwashwe, akaambiwa imeshawaka. Aliufunga mlango kwa nguvu ileile anayoufungia wa kwake, Sifaeli akafumba macho kwa uchungu. Aliuliza ndoano za paa ziko wapi. Sifaeli akabonyeza kitufe, paa likainuka, likajikunja, likajilaza lenyewe ndani ya buti kama mtoto mtiifu, bila mke wala ugomvi. Kisha akamkaribisha akae. Aroni alikaa, na baada ya kitambo akahisi joto likimpanda kutoka chini, akaganda, akidhani uzee umemfanyia jambo la aibu kwenye kiti cha watu. Sifaeli akamweleza kwamba viti vyake vinapasha moto. Kuna hata tundu linalopuliza hewa ya joto shingoni, kwa ajili ya sehemu za baridi. Mzee akasema kwa ukali kidogo kwamba shingo ya mtu wa Mufindi haihitaji kupulizwa, ila hakuinuka haraka.

Faraja yake ilikuwa moja. Aliuliza tairi la spea, akaambiwa halipo, kuna chupa ya dawa ya kujaza panapotoboka. Hapo Aroni alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Gari la mamilioni linakwenda safari na chupa ya dawa. Lakini furaha haikudumu, kwa sababu Sifaeli alitia rivasi ili alisogeze kivulini, na kwenye kioo cha dashibodi nyuma yote ikatokea: ukuta, ndoo, jogoo wa jirani, na mistari ya kijani ikionyesha tairi zitapita wapi. Jogoo aliposogea, gari likapiga kelele lenyewe.

"Na ukiwa na bibi harusi, unarudi nyuma?" akauliza Aroni.

"Popote, mzee," akajibu Sifaeli. "Hili linaona nyuma kuliko mbele."

Njia nzima ya kurudi Nyololo mzee alitazama dirishani. Angetaka kulichukia lile gari na hakuweza. Alilipenda. Alipenda lilivyokuwa kimya, alipenda rangi, na kama angekuwa peke yake uwanjani pale angekibonyeza kile kitufe mpaka betri ife. Kwa mara ya kwanza aliliona la kwake jinsi wengine wanavyoliona, na aliumia. Lea alipomuuliza likoje, akasema halina hata tairi la spea. Na viti? Viti vya kawaida tu, akasema Aroni, akaenda kulala mapema.

Harusi ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Mufindi ya mwezi wa saba hahitaji kuambiwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti ya misindano, manyunyu hayakati, na wageni kutoka Mbeya, ambao nao baridi si ngeni kwao, walikuwa wamejikunyata mabegani. Sifaeli alifika mapema, gari likimetameta, paa limefungwa. Frida alipotoka nyumbani, kina mama wakataka aonekane, basi Sifaeli akabonyeza kitufe na paa likafunguka. Shangwe ikapigwa. Nusu ya vigelegele vilikuwa vya bibi harusi na nusu vya paa.

Aroni hakukubali kupumzika. Alisema kama siyo gari la bibi harusi, basi la kwake litakuwa gari la wazazi, na litakaa nyuma ya lile la Mbeya moja kwa moja, endapo lolote litatokea. Kamati ikaona ni vyema kuepuka ugomvi. Akakunja turubai, baridi ile ile, akavaa koti la Mgiriki, akawapakia Lea na Damari, dada mkubwa wa Aroni mwenyewe, wakiwa wamejifunika blanketi moja mpaka puani. Benjamini na suti yake alikuwa ametangulizwa kanisani. Pikapu ya tarumbeta na basi dogo la kwaya vikafuata nyuma. Njiani Aroni alikuwa akilitazama lile buti jeusi mbele yake na kuomba moyoni lizime, halafu akatubu, halafu akaomba tena.

Barabara kuu ya Igowole ilikuwa inatengenezwa, kwa hiyo msafara ukakata kupitia mashambani, njia nyembamba inayoshuka katikati ya chai. Huku kulia kuna mtaro, kushoto kuna kingo. Walipokuwa katikati ya mteremko, likatokeza lori limejaa magogo, linapanda kwa kunguruma, na halikuwa na namna ya kurudi chini na mzigo ule. Njia ilikuwa moja tu, msafara urudi nyuma mpaka kwenye banda la kukusanyia majani ya chai, ambako pana uwazi. Tarumbeta na basi la kwaya vikarudi bila maneno. Sifaeli naye akatia rivasi, na gari lake likaanza kupiga kelele, kwa sababu nyuma yake pua ya Mbele kwa Mbele ilikuwa imesimama palepale.

Kabla Aroni hajaamua la kufanya, Damari alikuwa ameshatupa blanketi. Alishuka, akatembea mpaka kwenye gari jeusi, akaweka kiganja juu ya buti, akamuuliza Sifaeli anafanya nini. Sifaeli akaeleza kwa adabu kwamba anataka kupisha lori. Damari akamweleza, kwa adabu pia lakini kwa sauti ya shangazi, kwamba huku kwao gari lililobeba bibi harusi halirudi nyuma. Sifaeli, ambaye kwao Unyakyusa hajawahi kusikia kitu kama hicho, akauliza kama ni sheria ya kanisa. Akaambiwa ni ya wazee. Dereva wa lori akapiga honi. Watu wa basi wakashuka kuja kutazama, na wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuza nyuso kwa Aroni, maana jambo hilo ni yeye aliyelileta duniani.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuinua kofia na kusema ndiyo, hivyo ndivyo walivyosema wazee, na lile gari la Mbeya lenye macho ya nyuma lingeaibika mbele ya mkoa mzima. Wazo hilo lilimjia, tena lilimjia likiwa tamu. Lakini Frida alikuwa amegeuka kitini anamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, manyunyu yakimkalia kwenye shela, na kanisani watu wameshakaa. Aroni akashuka.

"Dada, hakuna desturi kama hiyo," akasema. "Niliitunga mimi. Gari langu halina rivasi."

Alitegemea nchi ipasuke. Haikupasuka. Damari alimtazama jinsi dada mkubwa anavyomtazama mdogo wake aliyetoka kugundua kwamba mvua inalowesha.

"Tunajua, Aroni," akasema. "Nani asiyejua? Tumekusukumia hilo gari miaka yote, tukafikiri unajua kwamba tunajua. Lakini desturi sasa ni yetu, siyo yako. Wasichana wangapi wamepita humu bila kurudishwa nyuma, na ndoa zao zipo? Mwanetu harudi nyuma."

Kina mama wa kwaya wakasema ndivyo. Hata mwenye desturi yake hakuruhusiwa kuifuta. Basi ikaamuliwa bibi harusi ashuke, asimame kando kwenye kingo pamoja na mpambe wake, magari yarudi matupu, lori lipite, kisha yaje kumchukua. Akina mama wawili wakamshika gauni lisiguse tope. Frida akasimama kati ya mistari ya chai, mweupe peke yake katika ule ukungu.

Sasa ili Sifaeli arudi, lazima Mbele kwa Mbele itangulie kurudi, na kurudi kwake ni kwa mikono ya watu, tena kupandisha. Wapiga tarumbeta wakaweka ala chini, wakajipanga kwenye pua ya gari. Aroni akapiga hatua kuelekea usukani, mahali alipokaa kila liliposukumwa. Damari akamzuia kifuani kwa kidole kimoja. Akasema Mama Frida atashika usukani, amekuwa akiutazama maisha yake yote. Yeye akasukume.

Aroni alikuwa hajawahi kulisukuma gari lake. Amini usiamini. Mke wake amelisukuma, watoto wake wote wamelisukuma kabla ya ibada ya Jumapili na baada yake, maharusi wa watu wamelisukuma, na yeye siku zote alikuwa ndani akitoa maelekezo. Akaweka mikono juu ya chuma, tope jekundu limetapakaa pale mbele, akasukuma. Gari halikusogea. Akaweka bega. Viatu vikateleza, kofia ikaanguka, koti la Mgiriki likampanda masikioni. Huku juu Lea, usukani mkononi, uso umetulia kama yuko kwenye kochi la nyumbani, akamwambia asukume, asiliegemee. Ni maneno ambayo Aroni aliyajua vizuri sana, kwa kuwa yalikuwa ya kwake. Wapiga tarumbeta walicheka mpaka nguvu zikawaishia, ikabidi waanze upya.

Walifika kwenye banda la chai. Sifaeli akarudi nyuma peke yake, bila jasho, mistari ya kijani ikimwongoza. Lori likapita likipiga honi ndefu ya pongezi, na dereva wake akawapungia mkono kwa furaha ya mtu asiye na harusi ya kuwahi. Aroni hakungoja magari. Alishuka mteremko kwa miguu mpaka pale Frida aliposimama, akihema.

"Zito, Baba?" Frida akamuuliza.

"Zito," akasema. Halafu, kwa kuwa magari yote mawili sasa yalikuwa yanashuka kuja kumchukua, la kwake likiwa na Lea usukanini, akauliza lile alilokuwa ameogopa kuliuliza tangu siku ile ya bandani. "Utapanda lipi, mama?"

"La Sifaeli."

Aroni akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaanza kusema kwamba ni sawa, viti vyake vina joto, yeye mwenyewe alivijaribu. Frida akamkatiza.

"Baba, wewe ukiendesha, tukifika utabaki nje na gari, na baba mdogo ndiye atakayeniingiza kanisani. Dereva tumetafuta ili mimi nipate baba. Nilikwambia upumzike, ukaenda kununua plagi."

Ilikuwa kweli. Miaka yote ile, maharusi wote wale, hakuna aliyemwona akifika madhabahuni. Huwashusha mlangoni, kisha hubaki nje akifukuza watoto wasikwangue rangi, na nyimbo huzisikia kupitia madirisha. Ndoa pekee aliyoiona kwa ndani ni ya kwake mwenyewe. Na alikuwa amepanga, kwa fahari, miaka chungu nzima, kuikosa na hii. Macho yakamjaa machozi, akayaacha, manyunyu yalikuwepo ya kusingizia.

Magari yakafika. Frida akapanda nyuma, akasogea. Aroni akapanda, akakaa kando yake kwa uangalifu asikalie gauni. Kiti kikaanza kumpasha moto na safari hii hakushtuka. Kwa mazoea alianza kumwambia Sifaeli apunguze gia kwenye mteremko, Sifaeli akamjibu kwa upole kwamba gari linajipunguzia lenyewe, na mzee akaridhika, akaegemea kiti. Mara moja tu aligeuza shingo. Nyuma yao Lea alikuwa anakuja na Mbele kwa Mbele, Damari pembeni yake kwenye blanketi, wanaongea. Lilikuwa linakwenda vizuri kabisa, na hilo nalo lilimuudhi kidogo.

Kanisani Igowole Benjamini alikuwa amesimama mlangoni, suti imenyooka, mkono umekunjwa tayari. Alimwona kaka yake anashuka kwenye gari jeusi bila kofia, tope mpaka kwenye viwiko. Akatazama, akaelewa, akashusha mkono wake, akampisha. Aroni akainua mikono yake akaiona ilivyo, akaanza kutafuta kitambaa mifukoni, kwenye koti, kwenye suruali, hakuna. Ndani, kinanda kilikuwa kimeshaanza. Akamwambia Frida angoje kidogo akanawe.

Frida hakungoja. Akaushika mkono ulivyo, na kabla hawajavuka kizingiti glavu yake nyeupe ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kifundo.